Binti yangu anataka tuimalize hadithi pamoja, mimi sitaki iishe

Shikamoo Bi Mshauri,

Barua unazochapisha huwa ni za waume wanaochelewa kurudi na mawifi wasioridhika. Yangu ni ya kitabu. Ukiona haifai kwenye safu yako itupe, sitakasirika.

Nina miaka 46, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Mombasa. Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi Nairobi, nikanunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara kitabu kinene kilichochanika jalada: The Eye of the World, cha Mmarekani Robert Jordan, cha kwanza katika mfululizo wa The Wheel of Time. Nilikinunua kwa unene wake tu, nikitaka cha kunifikisha mwisho wa muhula. Hakikumaliza wiki.

Kwa wasioijua, ni hadithi ya vijana wa kijiji cha wakulima wanaotolewa kwao usiku na mwanamke mwenye nguvu za ajabu, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyetabiriwa kupambana na Giza lenyewe, na huenda akaivunja dunia katika kuiokoa. Huo ni mwanzo tu. Vitabu vilifika kumi na vinne.

Chumbani hosteli tulikuwa wasichana wanne. Kitabu kilizunguka kwa zamu. Mwenye mtihani anarukwa. Tulipeana majina ya humo ndani. Mimi nilikuwa Egwene kwa kutaka kujua kila kitu. Mwenzetu mmoja mkali tulimwita Nynaeve, na kweli alikuwa akikasirika anashika nywele zake. Tulimaliza chuo, tukaolewa, tukatawanyika, na bado tuliendelea: anayesafiri ndiye anayeagizwa kitabu kipya. Cha kumi kilipotoka 2003 tulikisoma kwa hasira, maana karibu hakuna kinachosonga mbele humo, na hicho ndicho tulichokizungumza kuliko vyote.

Mwaka 2006 mwandishi alitangaza kwamba ana ugonjwa wa moyo, wa aina isiyo ya kawaida. Septemba 2007 akafariki, hadithi haijaisha. Habari zilinikuta kazini. Nilijifungia msalani nikamlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona. Mwenzangu wa ofisini alipojua sababu alicheka, na mpaka leo ananitania.

Mjane wake akamtafuta mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akamkabidhi maandishi na maelezo ya marehemu. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu. Cha kumi na mbili nilikisoma, na cha kumi na tatu. Cha mwisho, A Memory of Light, kilitoka Januari 2013. Nilikinunua. Sijakifungua.

Mwanzoni nilijiambia nasubiri likizo. Baadaye wenzangu watatu wakamaliza. Niliwaomba wasiniambie hata neno, nao ni waungwana, hawakusema. Lakini tangu hapo kundi letu limepoa. Siku hizi ni salamu za Idi na Krismasi, na zile picha za maua za asubuhi. Naamini hadithi ndiyo iliyokuwa imetushika, na ilipoisha kwao, nasi tukaisha. Nikiisoma nami, hatabaki hata mmoja wetu ambaye bado yumo ndani.

Pia naogopa mwisho mbaya. Niliona watu walivyogombana 2007 juu ya sura ya mwisho ya Harry Potter, ile ya miaka kumi na tisa baadaye. Mwaka 2019 nikawaona walioipenda tamthilia ya Game of Thrones miaka minane wakiapa hawataitazama tena. Nisipokisoma, changu hakiwezi kuharibika. Tena si mkono wake. Naona kama nitamuaga mtu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Sasa binti yangu, ana miaka 16. Alianza na tamthilia ya runinga ya hadithi hiyohiyo ya The Wheel of Time, iliyotoka 2021, akahamia kwenye vitabu vyangu. Tamthilia ilipokatizwa 2025 baada ya misimu mitatu, aliwatukana wenye nayo siku nzima, kisha akaongeza kasi ya kusoma. Amemaliza cha kumi na tatu. Alipokwenda kwenye rafu akakikuta cha kumi na nne bado kiko kwenye nailoni yake. "Mama, hujakisoma?" Nikasema sijapata muda. Aliniangalia tu. Baadaye akaja na mpango: shule zikifungwa tukisome pamoja, sura kwa sura. Hajaniomba kitu cha namna hii tangu aingie sekondari. Ajabu ni kwamba yeye tayari anajua nani anakufa, amekwishaona yote TikTok, na hajali hata kidogo.

Mume wangu anasema nafanana na mtoto anayebakiza nyama mpaka amalize wali, na wali wenyewe uliisha zamani.

Nikikubali, naogopa nitapoteza kitu changu kwa ajili ya kumfurahisha. Nikimwambia asome peke yake, naogopa ule mlango alionifungulia utajifunga. Nifanyeje? Na je, ni kawaida mtu mzima kuogopa karatasi?

Egwene wa zamani, Mombasa

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako siitupi, na mawifi wasubiri wiki hii.

Niseme mapema kwamba mfululizo huo nimeusoma mpaka mwisho. Usishtuke, sitakuharibia uhondo. Wanaoishi na wanaokufa nawaacha palepale ulipowaacha.

Sisi washauri tuna tabia moja mbaya. Mtu akituambia anaogopa kitabu, tunaanza kumtafutia marehemu, ndoa iliyovunjika, utoto wenye machungu, tumwambie kwamba kitabu si kitabu. Nami nilisoma barua yako nikiwinda hivyo. Nimeacha. Wewe umesema ni kitabu, na mimi nitakujibu habari za kitabu. Umekaa na watu hao wa kubuni tangu usichana mpaka umri wa kuwa na binti wa sekondari. Wapo ndugu wa damu ambao hatujakaa nao hivyo.

Ila nitakuomba tuangalie ni kitu gani hasa unachoogopa kukipoteza. Ukihesabu vizuri, tangu 1998 mpaka 2013 kazi yenu kubwa haikuwa kusoma. Kusoma kulichukua siku chache kila baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu au hata minne. Muda mwingine wote mlikuwa mnangoja na kubahatisha. Nani msaliti, nani atamwoa nani, ule utabiri wa kitabu cha pili una maana gani. Hivi ndivyo mfululizo mrefu unavyowashika watu: mwandishi anaandika nusu, nusu nyingine wasomaji wanaiandika wenyewe wakibishana. Kitabu cha mwisho kinakuja kusema mabishano basi. Hata kikiwa kizuri namna gani, kinachukua kitu. Kwa hiyo unapolia, hulii kwa upumbavu, na huyo mwenzako wa ofisini anayecheka nina hakika ipo timu ya mpira ambayo ikishushwa daraja ataomba ruhusa ya siku mbili.

Hayo ni ya hofu yenyewe. Sasa kuna mambo matatu uliyoyaandika kama yaliyokwisha kuthibitika, na mimi sina hakika nayo.

La kwanza ni hilo la kundi. Umesema hadithi iliisha kwao, urafiki ukaisha. Lakini tazama mpangilio wa mambo kama ulivyouandika wewe mwenyewe. Watu watatu wamemaliza kitabu walichokingoja miaka mingi. Wana mengi ya kusema, na mahali pao pa kusemea ni kundi lenye watu wanne, ambamo wa nne ameomba asisikie neno. Wangefanya nini? Walinyamaza kwa heshima yako. Na kundi ambalo zungumzo lake kubwa limefungiwa, hatimaye linabaki na picha za maua. Simaanishi kwamba kosa ni lako. Kila msomaji ana haki ya kuomba asiharibiwe uhondo. Na huenda kuna sababu nyingine, maana 2013 mlikuwa wanawake wa miaka thelathini na kitu, wenye watoto wadogo na kazi, na umri huo umeua makundi mengi ambayo hayakuwahi kusoma kitabu hata kimoja. Ninachokuomba ni usikishtaki kitabu peke yake. Inawezekana wale watatu wanakungoja wewe.

La pili, kwamba si mkono wake. Ninaielewa hofu hiyo, na nimesikia hata wasiompenda Sanderson wakiisema kwa ukali zaidi yako. Ni kweli mkono umebadilika. Mat, mmoja wa wale vijana wa kijijini, katika kitabu cha kumi na mbili si yule tuliyemzoea, na Sanderson mwenyewe amekiri kwamba hakumpatia vizuri mwanzoni. Lakini wewe vitabu hivyo viwili vya mkono wake umevisoma, na hukuandika kwamba vilikuumiza. Kwa hiyo najiuliza kama mgeni ndiye anayekuzuia kweli. Tena kuna jambo ambalo kwa kujikinga na habari huenda limekupita: mandhari ya mwisho kabisa ya mfululizo aliiandika Jordan mwenyewe kabla ya kufa. Sanderson aliipokea ikiwa imeandikwa, kazi yake ikawa kujenga njia ya kufika pale. Na aliyehariri, Harriet McDougal, ndiye mjane, na ndiye aliyekuwa akihariri vitabu vya mumewe tangu cha kwanza cha 1990.

Hilo linaweza kukupa moyo. Linaweza pia kukuzidishia uzito, maana yake ni kwamba mwishoni utaagwa na mwenyewe, kwa maneno yake, miaka mingi baada ya kumlilia msalani. Nimekutajia ili ulipime kabla, lisikukute ghafla.

La tatu ni kwamba kisiposomwa hakiharibiki. Hapa nasita zaidi. Kitabu kitabaki salama kwenye nailoni, sawa. Je, na wewe? Cha kumi na tatu kilitoka 2010. Ukijaribu sasa hivi kunitajia nani alikuwa wapi wakati kinaisha, utaweza? Msomaji anayengoja sana husahau, na hadithi unayoilinda isichafuke inazidi kufifia kichwani.

Halafu, mwanangu, wewe ni mtu wa Pwani. Fumo Liyongo tunajua anakufaje kabla msimulizi hajafungua mdomo: sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Muhamadi Kijuma alipouandika utendi wake mwaka 1913, hapakuwa na wa kumshtua pale Lamu. Watu walikaa wakasikiliza, na wanasikiliza bado. Binti yako naye anajua nani anafariki na bado anakitaka kitabu. Vijana hawa tunawalaumu kwa mengi, lakini kwa hili yeye yuko karibu na wasikilizaji wa Kijuma kuliko mimi na wewe.

Hapohapo sitakudanganya kwamba mwisho mbaya ni kitu kidogo. Waliochukizwa na sura ile ya miaka kumi na tisa baadaye wapo mpaka leo, na hawaigizi. Wengine wameamua kwao hadithi inaishia ukurasa mmoja kabla, na wanaishi vizuri tu. Wasimulizi wetu wa zamani walikuwa wakimaliza ngano wanawaambia wasikilizaji: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mimi niliyeitoa. Msomaji anayo ruhusa hiyo, ya kumwachia mwenyewe ubaya wake na kubaki na vitabu kumi na tatu alivyovipenda. Ila sitakuahidi kwamba utaweza kufanya hivyo. Wengine hawawezi. Ukimaliza ukachukia, utachukia.

Tuje kwa binti, maana yeye ndiye anayekukimbizia saa.

Kusoma pamoja kunavutia, na naona moyo wako umeegemea huko hata kalamu ikikataa. Hatari yake haiko pale unapoiona. Hatari ni kwamba mtakuwa mnasoma vitabu viwili tofauti. Yeye anasoma kitabu cha mwaka huu, ana haraka, na ana hasira ya kukatiziwa tamthilia katikati; kwake yeye mwisho, wowote ule, ni ushindi juu ya wale waliomzimia runinga. Wewe unasoma kitabu cha hosteli, cha kusubiri zamu, cha Nynaeve wenu. Ukifika mahali ukalia na yeye akawa anacheka, isije ikawa ugomvi. Na asibebeshwe 1998 yako. Anaweza kuisikiliza ukimsimulia, ila kuibeba si kazi yake.

Kumwachia atangulie peke yake nako kunawezekana, bila ubaya wowote. Lakini utakuwa umerudia lile sharti la kundi ndani ya nyumba yako: mtu amemaliza, ana mengi mdomoni, anapika nawe jikoni na haruhusiwi kusema. Ukichagua njia hii, fikiria kumwondolea sharti. Mwache aseme. Huenda hilo ndilo litakalokufaa wewe, kuusikia mwisho kwa sauti yake badala ya kuusoma.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, nami naitaja kwa sababu nimewaona wengi wakiikimbilia: kurudi kitabu cha kwanza, usome vyote upya, ufike cha kumi na nne ukiwa na kila jina kichwani. Ni raha kubwa. Pia ni namna nzuri sana ya kuahirisha jambo bila kuonekana unaahirisha. Kwa unene wa vitabu hivyo na kazi zako, binti atakuwa chuo kikuu na wewe bado uko kwenye kile cha kumi kisichosonga. Kama unataka kujikumbusha tu, soma upya cha kumi na tatu, au mwombe yeye akusimulie. Atafurahi kuwa mwalimu wako.

Na ipo ya nne, kutokisoma kabisa. Wapo wasomaji walioacha kitabu kimoja cha mwisho cha mwandishi wao kwa makusudi, wakaridhika. Hawana ugonjwa. Swali ninalokuachia kuhusu njia hiyo ni hili: kama binti asingekigusa kile kitabu, kama hakuna anayekuuliza, ungekisoma lini? Jibu likiwa "siku moja", basi unakitaka, na kinachokushinda ni siku yenyewe. Likiwa "kamwe", na ukilisema bila kuumia, ni jibu kamili, hulazimiki kulitetea kwa mumeo wala kwangu. Mumeo, kwa njia, mzaha wake ni mzuri, lakini kitabu hakipoi kama nyama. Na mtu anayekumbuka kwamba kitabu hicho kipo na hakijafunguliwa miaka yote hii amekuwa akikuangalia kwa makini zaidi ya unavyodhani. Muulize siku moja anaonaje, bila wali wala nyama.

Vyovyote utakavyochagua, sioni kwa nini binti aendelee kuambiwa kwamba hukupata muda. Kwa jinsi ulivyoeleza alivyokuangalia, hakuliamini. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: unaogopa iishe. Ana miaka 16 na ametoka kukatiziwa kitu alichokipenda. Ataelewa haraka kuliko mtu wa ofisini kwako. Pengine mpango wake wenyewe utabadilika akishajua. Pengine atataka msome kurasa chache na muwe huru kusimama popote. Mwachie naye nafasi ya kushauri, mimi si mshauri peke yangu hapa.

Na wale watatu, ukiwa tayari, unaweza kuwaandikia kwamba unafikiria kukifungua. Usiwaahidi kitu. Ona tu nani atajibu kwanza, na kwa maneno mangapi.

La mwisho ni la vitendo, endapo mtakubaliana kusoma sura kwa sura. Mpango huo utawafaa mpaka mfike sura ya 37. Sura hiyo peke yake ina maneno zaidi ya elfu 70, ni riwaya nzima iliyojificha ndani ya kitabu, na haina mahali pazuri pa kusimama. Msiianze jioni ya siku ya kazi. Chagueni Jumamosi, chakula kiwe kimepikwa tangu asubuhi, na mumeo aambiwe mapema kwamba siku hiyo simu za wageni atapokea yeye.